Wimbo Usio na Doa

Anyesi Ndahani hajui kusifu. Nasema hivi mimi ninayepiga ngoma ubavuni mwake, na nasema nikijua kwamba watu wa Nzuguni humwita kwenye shughuli zao ili awasifu. Akiibana muheme katikati ya mapaja, ile ngoma ya kina mama wa Kigogo, na kufungua koo, anaweza kumtoa machozi hata mtu aliyefuata pilau tu. Lakini sifa tupu hawezi. Sifa zake zina mwiba ndani, na mwiba huo ulishamkosesha bintiye mume mara moja.

Wenyewe huo mwiba wanauita doa. Katika kijiji alikozaliwa, upande wa Mlali, kina mama wa ngoma wana utaratibu wao. Wakimwimba mtu, wimbo una kupanda na kushuka. Kwenye kupanda anatajwa kwa mema yake, ngoma zote zikilia. Kisha kiongozi anainua mkono wa kushoto, sisi wengine tunanyamaza, inabaki ngoma yake peke yake ikigonga polepole, na hapo anataja doa moja la yule mtu. Si tusi, wala si siri ya chumbani. Ni kasoro ambayo kila mmoja anaijua na hakuna anayethubutu kuitamka mbele ya mwenyewe. Aliyeimbwa anatoka mbele ya ngoma na kukanyaga chini kwa nguvu, kuonyesha kwamba amepokea, vigelegele vinapigwa na shughuli inaendelea.

Mtu asiyetajwa doa ni marehemu tu. Msibani wanaimba kupanda bila kushuka, halafu kiongozi anapiga pigo moja zito na kimya kinafuata. Aliyekufa hana tena mguu wa kukanyagia, kwa hiyo madoa yake yanaachwa.

Mimi ni Joha, Mrangi wa Kondoa niliyeolewa Nzuguni, na mara ya kwanza kuyaona mambo haya niliyaita utovu wa adabu. Siku Anyesi alipoamua kuniimba mimi, alinipandisha mpaka nikajiona malkia, kisha akainua mkono na kusema kwamba mikono ya Joha ni myepesi kwenye ngoma, ila mdomo wake ni mwepesi zaidi. Nilinuna wiki nzima. Mume wangu, badala ya kunitetea, alicheka hadi akakaa chini. Nilipomaliza kununa niligundua kwamba watu walikuwa wameniamini zaidi, maana kama Anyesi angekuwa mwongo kwenye doa langu, basi na zile sifa zingekuwa uongo.

Hata sokoni yuko hivyo. Ni mjane, anauza mlenda mkavu na karanga pale Majengo, na nimemwona kwa macho yangu akimwambia mteja, "Huu wa leo umeingia mchanga, nenda kanunue kwa jirani." Nilimgombeza. Nilimwambia biashara haina mdomo wa namna hiyo. Aliendelea kupepeta.

Mji nao umebadilika. Serikali ilipohamia hapa Dodoma, Nzuguni iliota kuta na mageti, na shughuli zikahamia kwenye maturubai yenye viti vilivyovalishwa nguo nyingi kuliko watu wenyewe. Kila sherehe ina emsii, na kazi ya emsii ni kumvika kilemba cha ukoka kila mwenye suti. Waimbaji nao wamejifunza. Unamwambia jina la bosi wako na cheo chake, anakutengenezea wimbo papo hapo, na bosi anatoka mbele akijiona kaumbwa siku tofauti na wenzake. Mimi nawachukia watu hao, ingawa nakiri wanakula vizuri kuliko sisi.

Sasa nirudi kwa bintiye. Evarista ni mwalimu wa shule ya msingi, msichana mtaratibu, mzuri wa sura, na amepita miaka thelathini bila kuolewa kwa sababu ya koo la mama yake. Mchumba wa kwanza alikuja na wazee wake kujitambulisha. Anyesi akamwimba baba wa kijana, akampandisha vizuri, akamshusha kwa kusema mzee yule huhesabu matonge ya wageni wake. Kila mtu alijua ni kweli. Mzee hakukanyaga. Alinyanyuka, akawaita watu wake, wakaondoka na kreti la soda walilokuja nalo. Evarista hakusema na mama yake msimu mzima wa mvua.

Miaka ikapita, akaja Nathan. Kijana mpole, mpima ardhi, anayejua kusalimia watu wa jikoni kabla ya watu wa sebuleni. Tulimpenda sote. Tatizo likawa baba yake. William alikulia kijiji kimoja na Anyesi, wamechunga pamoja, na sasa ni mkubwa wizarani. Ni mtu mwenye bidii na hajawahi kusemwa kwa wizi. Ila ana haya ya alikotoka. Ukimsalimia Kigogo mbele ya wenzake, anakujibu Kiswahili, tena kile cha kwenye taarifa ya habari.

Jumamosi moja kabla ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti, William alikuja nyumbani kwa Anyesi. Mimi nilikuwepo, nachambua mlenda. Alikipangusa kiti kwa leso ndipo akakaa.

"Shikamoo, dada Anyesi."

"Marahaba, William. Mama hajambo?"

"Yupo. Anaendelea." Alilijibu swali hilo haraka mno. "Dada, nimekuja kwa jambo dogo. Siku ya sendofu nakuja na watu wa ofisini, na mkuu wangu wa kazi atakuwepo. Kutakuwa na watu wa video. Najua utaniimba, na nitafurahi. Naomba tu uishie kwenye kupanda."

"Nikuimbe kama maiti?"

"Wageni wangu hawayajui hayo mambo ya kijijini. Kwao wimbo ni wimbo."

"Mimi ninayajua," Anyesi alisema. "Na wewe unayajua."

William aliinama kidogo, akashusha sauti. "Sitaki doa langu litoke kwenye kipaza sauti. Likitoka, mimi na watu wangu tunanyanyuka, na harusi ya wiki itakayofuata haipo. Nimeshamwambia Nathan."

"Naye alisemaje?"

"Nathan ni mwanangu," William alijibu, akaaga.

Evarista alikuwa mlangoni, amesikia yote. Gari lilipoondoka alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake. Nilitaka kuinuka niwapishe, Anyesi akanionyesha kwa jicho nikae.

"Mama, mara hii moja tu."

"Eva, ninamwimba ili ujue nyumba unayoingia."

"Naijua! Najua baba Nathan ana makuu. Mimi naolewa na Nathan, siolewi na baba yake." Aliushika ungo uliokuwa mapajani mwa mama yake. "Yule wa kwanza alipoondoka nilijiambia yatapita. Leo sina tena nguvu ya kujiambia hivyo. Ukiimba doa lake, sitakulaumu, lakini sitabaki Nzuguni. Nitaomba uhamisho niende mbali, na hutajua nilipo."

Anyesi aliuondoa ungo mapajani, akauweka chini. Kisha akasema, "Haya." Nimemjua miaka mingi, sikuwahi kusikia neno likimtoka kwa shida namna ile.

Siku zilizofuata sikulala vizuri. Nilijitia kumfariji. Nilimwambia, "Dada, dunia nzima inatia chumvi. Na wewe tia kidogo, mwanao aolewe." Akanijibu kwamba ngoma akiibana pale mapajani anausikia moyo wake mwenyewe ukigonga, na hajui mtu anadanganyaje akiwa ameishika hapo. Basi tukapanga hila. Kupanda kukifika mwisho, hatutanyamaza hata kidogo, tutaruka moja kwa moja kwenye wimbo wa bibi harusi, wenye kasi na vigelegele, ili hata aliyetoka kijijini asipate nafasi ya kusikia kilichokosekana. Tulifanya mazoezi uani kwake. Mara ya kwanza ilitoka vibaya, ya pili ikatoka vizuri, na hakuna hata mmoja wetu aliyecheka.

Siku ikafika. Upepo wa Dodoma haujui sendofu, ulikuwa unayapiga maturubai na kumwaga vumbi kwenye vitambaa vya meza tangu asubuhi. Msafara wa kwa William uliingia mchana kwa honi, magari meupe, akina mama wa vitenge vya sare, wanaume wa tai. Emsii alikuwa kijana anayeitwa Jordan, mwenye sauti nzito na maneno mepesi, akimwita kila mtu mheshimiwa.

Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kuzipasha ngoma kwenye moto wa nyasi, maana ngozi isipopata joto hailii. Jiko lilikuwa huko huko, masufuria ya pilau, moshi, wapishi wakigombana. Nyuma ya lundo la kuni, juu ya kipande cha mkeka, nikamwona bibi mmoja amekaa, amejifunga kaniki, macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe wa mtoto wa jicho. Nilidhani ni mama wa mmoja wa wapishi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wameshakaa mezani?"

"Kina nani?"

"Mjukuu wangu na watu wake. Nathan, anayeoa."

Nilisimama na ngoma mkononi. "Bibi, wewe ni nani?"

"Naitwa Sikudhani. Mimi ndiye niliyemzaa William." Alitabasamu upande niliposimama. "Dereva kaniambia nikae hapa kivulini, wataniita. Nathan ndiye aliyesema lazima nije. Macho yangu yamekwisha, ila masikio ni mazima. Nimekuja kumsikia Anyesi akimwimba mwanangu. Mama yake Anyesi ndiye aliyeniimba mimi siku naolewa, alisema Sikudhani ni mzuri ila jua humkuta kitandani." Akacheka, meno mawili. "Atamtajia doa gani William?"

Nilimwambia sijui. Nilimletea chai na mkate, nikarudi mbele na ngoma.

Nikafika wakati wa utambulisho. William alisimama na kipaza sauti, akamtambulisha mke wake, ndugu zake, mkuu wake wa kazi, na watu wote wakapiga makofi. Emsii akauliza kwa mbwembwe kama mzaa chema, bibi yake Nathan, yupo. William alikohoa. "Mama yangu yuko kijijini," alisema, kipaza sauti amekishusha. "Umri umekwenda, hakuweza kusafiri."

Nathan aligeuka akamtazama baba yake. Nilimwona. Akatazama watu waliokaa, safu kwa safu, kama anayemtafuta mtu, kisha msimamizi wake akamshika bega kumrudisha kwenye picha.

Hasira zilinipanda. Nilikaa kwenye nafasi yangu kando ya Anyesi, nikamsogelea sikioni. "Mama yake yuko jikoni," nilimnong'oneza. "Bibi Sikudhani. Yuko nyuma ya kuni, anasubiri kuitwa."

Mshipa wa shingo ulimsimama Anyesi. Aliitazama meza kuu. Doa lilikuwa limejileta lenyewe, limekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba yake, na kila aliyetoka Mlali angelielewa kwa neno moja. Kisha akamtazama Evarista aliyekaa kwenye kiti cha enzi, amevaa gauni la rangi ya chungwa, mikono ameifumbata mapajani kama mtoto anayesubiri sindano. Evarista naye alikuwa anamtazama mama yake. Alitikisa kichwa kidogo sana, kukataa. Anyesi akaivuta ngoma.

"Na sasa, waheshimiwa," emsii alipaza sauti, "mama mzazi wa binti yetu, kwa ngoma ya asili, atamkaribisha baba mkwe!"

Tukaanza. Ninajua kupiga, lakini siku ile vidole vyangu vilikuwa kama vya mtu mwingine. Anyesi alimpandisha William. Aliimba mtoto aliyesoma chini ya mwezi kwa sababu nyumbani hakukuwa na mafuta ya taa, aliyekwenda shule bila viatu na kurudi na cheti, aliyeezeka kanisa la kijiji bati. Yote kweli. Watu wa ofisini walikuja mbele kututuza, mkuu wa kazi akatingisha kichwa kwa furaha, kamera zikamzunguka William, naye akakaa ametulia, ameegemea kiti, mkono begani kwa mkewe.

Tukafika mahali pa kushuka. Niliona mkono wa kushoto wa Anyesi ukianza kuinuka wenyewe, kwa mazoea. William naye aliuona, akaondoa mgongo kwenye kiti. Mkono ukakoma hewani, ukarudi kwenye ngozi. Hapo ndipo tulipotakiwa kuruka kwenye wimbo wa bibi harusi. Lakini Anyesi ameimba misiba mingi kuliko harusi, na mikono yake ilikuwa haijawahi kumaliza kupanda bila doa mahali pengine popote isipokuwa msibani. Ilifanya ilichokijua. Ilipiga pigo moja, zito.

Sote tulinyamaza. Hatukukubaliana kunyamaza, ngoma zilinyamaza tu. Mezani wageni walianza kupiga makofi, wakidhani wimbo umeisha vizuri.

Ndipo ukaja ule mlio kutoka jikoni.

"Wiliamuuu! Mwanangu! Mwanangu wee!"

Tulikuwa tumefikiria masikio yote ya chini ya maturubai. Ya jikoni hatukuyafikiria. Bibi Sikudhani alitokea pembeni ya nyumba, mikono kichwani, akijikwaa kwenye kamba za turubai, kaniki ikiburura vumbi. Alikuwa anafuata mahali ngoma zilipokuwa zikilia. Alipita katikati ya viti, akagonga meza ya soda, chupa zikaanguka. Wageni walimpisha kwa hofu. Emsii akasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, ulinzi, kuna mama hapa, naomba tumsaidie atoke."

"Huyo ni bibi yangu!" Nathan alipiga kelele. Tangu nimfahamu sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Emsii alishusha kipaza sauti taratibu, na mkuu wa kazi akageuka kumtazama William.

Bibi alifika mbele yetu akaanguka magoti. Alipapasa mpaka akaigusa ngoma ya Anyesi. Aliongea Kigogo, na mimi nakielewa.

"Amekufa lini? Anyesi, niambie. Kumbe ndiyo maana wameniweka jikoni. Mmeniweka jikoni nisiliguse jeneza."

Mimi nilianza kulia, sioni aibu kusema.

William alikuwa ameshafika. Alipiga goti moja, suruali yake ya suti vumbini, akamshika bibi mikono. "Mama, ni mimi. Mimi hapa. Ni mzima." Alisema kwa Kiswahili.

Bibi alimpapasa. Alishika tai, akashika vifungo, akapeleka vidole usoni kwake, akanusa. Kisha akamsukuma. "Wewe unanukia marashi, sikujui. William wangu ameimbwa bila doa. Nimesikia kwa masikio yangu, mpaka pigo la mwisho. Anyesi hadanganyi. Mama yake hakudanganya, naye hadanganyi."

Neno hilo lilimpata Anyesi kuliko kofi. Alijishika kifua. "Mama," alisema, "nimekosea. Yu hai. Wallahi, yu hai," na hicho kiapo alikiokota kwangu mimi Mwislamu, kwa kuchanganyikiwa.

"Kama yu hai, doa lake liko wapi?"

Upepo ulipiga turubai. Simu zilikuwa juu kila upande. William alibaki pale chini, akamtazama mkuu wake wa kazi, akazitazama zile simu, akaangalia magari yaliyopangwa getini. Alikuwa ameshatoa funguo mfukoni, na kwa muda nilikuwa na hakika kwamba angenyanyuka. Mama yake alianza tena kuomboleza, safari hii kwa sauti ya chini, akitaja jina lake la utotoni ambalo hakuna mtu wa wizarani aliyewahi kulisikia.

William alifumba macho. "Imba, dada," alisema.

"Unajua nitakachosema?"

"Najua. Imba, mama asikie." Safari hii alisema kwa Kigogo.

Anyesi hakuanza. Alimtafuta binti yake kwenye kile kiti cha enzi, na kiti kilikuwa kitupu. Evarista alikuwa ameshashuka. Alikuwa amepiga magoti kando ya bibi Sikudhani, gauni la chungwa limetandazwa kwenye vumbi, amemshika yule mzee mabega.

"Imba, mama," Evarista alisema. "Sasa nataka kuijua hiyo nyumba."

Anyesi aliinua mkono wa kushoto, juu kabisa. Akagonga ngoma yake peke yake, polepole, na sauti yake ilitoka kavu, bila urembo wowote.

"William wa Sikudhani, nyumba yake ina milango mingi. Mama yake kaingilia wa jikoni."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mke wa William alijifunika uso kwa kitambaa. Nathan alikuja akasimama nyuma ya baba yake, wala hakumgusa. Mimi nilikuwa namtazama bibi. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza mpaka ngoma ilipotulia, na uso wake ukaanza kufunguka kidogo kidogo, machozi yakiwa bado yanashuka.

"Ndiye," alisema. "Huyo ndiye wangu. Tangu akiwa shuleni ni hivyo, nikimpelekea chakula ananikimbia njiani, wenzake wasimwone na mimi." Alicheka na kulia kwa pamoja, akaitafuta tena ile sura, na safari hii alipoipata hakuisukuma. "Yu hai. Mwanangu yu hai, jamani."

William alikuwa analia. Mtu mzima, mbele ya mkuu wake, mbele ya kamera, analia bila kujifuta.

"Basi kanyaga," bibi alimwambia. "Kanyaga nikusikie."

Alisimama. Alivua viatu vyake vyeusi, sijui kwa nini, akaviweka pembeni. Akainua mguu na kukanyaga chini mbele ya ngoma zetu, kwa nguvu, vumbi likaruka. Bibi Sikudhani alikuwa ameweka kiganja kwenye ardhi.

"Tena," akasema.